Ng'ombe wa Herufi Nne

Hasira ya Tumukunde ilianza na samaki waliooza, na asije mtu akamwambia kwamba hasira ya samaki ni hasira ndogo. Mabeseni mawili ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, yalikaa kivulini Kamembe, upande wa Rwanda, tangu alfajiri yakingoja oda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na oda haikuja. Hata mgahawa mmoja haukuagiza. Jua lilipofika utosini Maman Nzigire alifunua majani ya mgomba, akanusa, akafunika tena bila kusema neno. Mama huyo amevuka daraja la Rusizi na beseni kichwani tangu usichana wake, na mdomo wake haujawahi kulala. Akinyamaza yeye, jua kuna jambo.

"Fungua ile simu yako," alisema mwishowe. "Angalia kama bantu ba Bukavu beko bazima."

Tumukunde alifungua. Yeye ndiye aliyekuwa na kibanda cha kuchapisha karatasi na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni, karibu na soko, na ndiye aliyetunza ukurasa wa ushirika wa wamama wa mpakani. Wenyewe waliuita mlango. Unaandika LETA, neno hilo tu na ule mkia wake wa nukta, unaona picha ya beseni, unaandika unachotaka na upelekewe wapi. Basi. Mama mmoja anavuka daraja anakuletea.

Siku hiyo beseni halikuwapo. Palikuwa na mume na mke weupe, meno safi, wamesimama mbele ya nyumba ya mbao yenye theluji juu ya paa. Maneno yaliyowazunguka hakuweza kuyasoma, mengine yalikuwa na viduara vidogo juu ya herufi. Chini yao kulikuwa na kisanduku cheupe cha kuandikia.

"Hawa ni banani?" Nzigire aliuliza, akichungulia begani kwake.

"Sijui, Maman."

"Banauza samaki?"

"Hawauzi samaki."

Tumukunde alidhani ni wezi wa mtandaoni. Akampigia simu Christophe-Aimé wa Kigali, kwa kuwa mambo ya majina ya mtandao ndiyo kazi yake. Huyo Christophe-Aimé ni mtoto wa mama yake mkubwa. Walilelewa nyumba moja kule Kadutu, Bukavu, wakala sahani moja, wakachapwa fimbo moja, na familia ziliporudi Rwanda yeye alipanda hadi Kigali na Tumukunde akabaki hapa Rusizi. Alimwita Yaya, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa.

"Yaya, tumeibiwa jina."

Ikaja ile sauti yake ya pole pole, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wateja.

"Halikuibiwa, mudogo wangu. Nililiuza."

Hapo ndipo ilipoanza. Lakini ili hasira hiyo ieleweke ni lazima turudi nyuma, kwenye harusi ya huyo huyo Christophe-Aimé, miaka mitatu iliyopita, hapa hapa Kamembe.

Jina lilikuwa la Tumukunde. Alilinunua akiwa mwanafunzi Bukavu, zamani za vyumba vya mtandao vyenye joto na feni mbovu, kwa sababu neno hilo ndilo mama yake alilolisikia siku nzima dukani: leta sabuni, leta chumvi. Akawa analilipia kila mwaka. Ushirika ulipoanza, akawapa wamama walitumie, na Christophe-Aimé, haki yake tumpe, aliwajengea ukurasa bila kudai hata soda. Kulikuwa na kichekesho kimoja tu. Kwa Kinyarwanda Leta ndiyo serikali, na wamama walipoandika LETA kwa rangi nyekundu kwenye mabeseni, kiongozi mmoja wa mtaa aliwasimamisha akataka kujua tangu lini serikali inauza sambaza. Ikabidi wachore samaki kando ya neno ili raia wasiogope.

Kabla ya harusi ya Christophe-Aimé, Tumukunde alimuuliza, hivi jina hili lina thamani gani, wewe unayejua. Walikuwa wamekaa mbele ya mishikaki na chupa za bia. Christophe-Aimé alifuta vidole akamweleza dunia jinsi ilivyo. Mchina, alisema, anapenda herufi chache zisizo na irabu hata moja, kwa sababu anaziona kama vianzio vya maneno yake, na hizo hununuliwa kama karanga. Mwingereza anataka neno la kwenye kamusi yake. Mfaransa anaogopa vile vialama vyake vya juu ya herufi vikipotea, kwa hiyo anasitasita. Herufi zile zile nne, ukizivusha mpaka mmoja zinakuwa dhahabu, ukizivusha mwingine zinakuwa mavumbi.

"Na Kiswahili?" Tumukunde aliuliza.

"Kiswahili bantu ni mingi, lakini banunuzi hakuna. Midomo mingi, mifuko mitupu." Akacheka. "Leta yako ni zéro, mudogo wangu. Uipende tu."

Lilimchoma, hilo la midomo na mifuko, lakini alilimeza. Na kwa kuwa jina halikuwa na bei, na kwa kuwa alimpenda huyo mwanamume kama kaka wa tumbo moja, alipata wazo ambalo mpaka leo linamfanya aume meno.

Wanaojua harusi za kwetu wanajua. Ukifika wakati wa zawadi, jamaa na marafiki wanasimama mmoja mmoja, wanapewa kipaza sauti, wanatoa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawapo ukumbini. Wanatolewa kwa maneno, na maneno hayo ni kifungo. Na ng'ombe uliyepewa kwa mapenzi humuuzi kama mbuzi wa sokoni. Shida ikikubana, unarudi kwanza kwa aliyekupa, unamwambia uso kwa uso. Na ng'ombe huyo akizaa, mtamba wa kwanza anarudi kule mama yake alikotoka. Huko ndiko kushukuru, na asiyeshukuru hivyo anajulikana mlima mzima.

Basi Tumukunde alisimama katika mshanana wake wa kijani, lile vazi la sherehe la kufunga begani, akashika kipaza sauti.

"Mimi sina ng'ombe mwenye pembe," alisema. "Ng'ombe wangu ana herufi nne, anaitwa Leta. Ninampa Yaya na mke wake. Lakini abaki kwenye malisho yake, sisi wamama tuendelee kunywa maziwa."

Ukumbi ulicheka mpaka machozi, vigelegele vikapanda, na Christophe-Aimé akainuka akamkumbatia, akapaza sauti kama anavyotakiwa mtu aliyepewa ng'ombe: "Tumukunde yampaye inka!" Yaani, Tumukunde amenipa ng'ombe. Tangu siku hiyo hicho ndicho kikawa kiapo chake. Tukiapa kwetu, hatuna kiapo kizito kuliko jina la aliyetupa ng'ombe. Alikitumia kwa kila kitu, kuchelewa kwake, ahadi zake, hata matokeo ya mpira. Wiki iliyofuata alihamisha jina kwenye akaunti yake, na Tumukunde hakuuliza kitu. Kuna nini cha kuuliza? Ng'ombe amehamia zizi la ndugu.

Sasa anaambiwa ng'ombe ameuzwa.

"Uliuza lini?" alimuuliza kwenye simu.

"Sikiliza. Kuna watu wa Uswidi, nchi moja ya baridi kule juu. Kwa lugha yao neno hili ni kutafuta. Kila siku wanalisema. Wanatafuta nyumba, wanatafuta kazi. Unaelewa? Kwao ni neno la kamusi, tena fupi. Wenyewe walinifuata."

"Nimekuuliza lini."

"Ni mwezi sasa. Nilidhani bado kuna muda, nilitaka kukuambia."

"Ulidhani."

"Tumu, ulinipa. Mbele ya watu wote. Na mimi sikudanganya, kwenu lilikuwa halina bei. Nimelipeleka tu kwa wale ambao kwao lina maana."

Tumukunde alikata simu. Neno lililomuuma halikuwa lile la kuuza. Lilikuwa lile la wale ambao kwao lina maana. Kwa hiyo mwanamke wa kijijini Nzahaha anayeamka gizani kuchuma mboga, na mteja wa Bukavu anayesema leta mara mia kwa siku, wao walikuwa wanasema nini muda wote huo? Walikuwa wanapiga miayo?

Alikwenda kwa mwanasheria mmoja aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitenge. Yule bwana alimsikiliza, akauliza kama kulikuwa na maandishi. Hakuna. Mashahidi?

"Ukumbi mzima."

"Mashahidi wa kwamba ulimpa," mwanasheria alisema taratibu. "Kwa kipaza sauti."

Alitoka pale akiwa amevimba. Sheria ilikuwa upande wa mwizi kwa sababu mwizi alipewa, na desturi ilikuwa upande wake yeye lakini desturi haina ofisi juu ya duka lolote.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Wateja waliofungua mlango wa zamani walikuta theluji. Wengine walidhani ushirika umekufa. Mama wawili waliacha, wakarudi kupita nyumba kwa nyumba na mizigo kichwani kama zamani, wakifukuzwa na walinzi wa milango. Benitha, binti mdogo kuliko wote katika ushirika, mwenye lile beseni la pili lililooza, aliyekuwa anategemea mauzo hayo kwa harusi yake, alikopa vyombo na kupunguza wageni. Hakulalamika, na Tumukunde alitamani angelalamika. Kila akimtazama alijiona yeye ndiye aliyefungua zizi.

Na harusi yenyewe ikaja na kisa chake. Bwana harusi alifanya kazi Kigali, na rafiki yake mkubwa huko alikuwa nani? Christophe-Aimé. Angekuja. Tena angezungumza.

Maman Nzigire alimfuata Tumukunde kibandani siku mbili kabla. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono magotini.

"Harusi ya mutoto haiharibikake juu ya maneno ya mutandao," alisema. "Uniahidi."

"Nimekuahidi, Maman."

"Hapana hivyo. Uniangalie usoni."

Alimwangalia usoni, akaahidi. Na Mungu ni shahidi wake, alikusudia kutimiza.

Sherehe ilikuwa Nzahaha, nyumbani kwa baba yake Benitha, Mzee Kayitare, chini ya mahema meupe yaliyopangwa uani. Mzee Kayitare ni mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, aliyerudi kutoka Uvira ya Kongo na watoto watano na baiskeli moja. Fanta ziligawiwa, maziwa yakanywewa, mpiga sifa wa ng'ombe akasifu mpaka sauti ikakauka. Tumukunde alikaa safu ya nyuma kati ya wamama wa ushirika, kidole kimeshika kidole. Aliwaona Christophe-Aimé na mke wake wakiingia, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Pesa aliyopata hakumwambia mtu, lakini nyumba ya ghorofa aliyoanza kuijenga Kigali ilikuwa inatangaza kwa niaba yake, na jirani walikuwa wameshaisimulia hadi Kamembe.

Wakati wa zawadi ulipofika, Christophe-Aimé alisimama wa tatu. Alijua kuongea, hilo hakuna anayemnyima. Alichekesha wazee, akawasifu wazazi, akamsifu Benitha kwa bidii yake, ndiyo, Benitha, ambaye samaki wake walioza kwa sababu ya huyo huyo msifu. Nzigire, bila kugeuza kichwa, alimwekea Tumukunde mkono juu ya goti akaukandamiza.

"Kwa watoto hawa ninatoa ng'ombe," Christophe-Aimé alisema. "Na simtoi kwa mdomo tu. Atafika hapa na miguu yake." Akainua mkono wa kuume. "Tumukunde yampaye inka, atafika."

Pengine hata yeye hakujua amesema nini. Ulimi ulikuwa umezoea. Lakini wamama wa ushirika walijua, na safu nzima ya nyuma iliganda. Mkono wa Nzigire ulilegea juu ya goti la Tumukunde, kisha ukaondoka kabisa.

Tumukunde alisimama. Alipita kati ya viti, watu wakikusanya magoti kumpisha, na alipofika mbele alinyoosha mkono, na Christophe-Aimé, kwa mazoea ya adabu, akampa kipaza sauti.

"Mimi ndiye Tumukunde," alisema. "Kwa wasionijua, mimi ndiye aliyetajwa kwenye kiapo."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa binamu.

"Nilimpa huyu kaka yangu ng'ombe siku ya harusi yake. Wengi mlikuwepo, mlinipigia vigelegele. Ng'ombe wa herufi nne, jina la ushirika wetu, mlango unaowapa wamama hawa riziki. Nilimwambia tuendelee kunywa maziwa. Amemuuza ng'ombe huyo kwa watu wa mbali, hakuniambia. Mimi nimejua siku samaki wa mama huyu na wa bibi harusi huyu walipooza. Mtamba sijaona. Hata simu ya kunijulisha sijaona. Na leo anasimama mbele yenu anaapa kwa ng'ombe ambaye hayuko tena zizini." Akamgeukia Christophe-Aimé. "Yaya, kama unataka kuapa, apa kwa wale walionunua kwako. Jina langu ulitoe mdomoni mwako."

Hakuna aliyecheka. Mpiga kinanda aliondoa vidole vyake kwenye kinanda. Benitha aliinamisha uso akitazama kikapu cha zawadi miguuni pake, na hapo Tumukunde alihisi aibu, lakini hakukaa.

Mzee Kayitare aliinuka kwenye kiti chake cha baba wa bibi harusi. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Ulipewa?" alimuuliza Christophe-Aimé.

"Nilipewa, Mzee. Lakini hii ni..."

"Ulimuuza?"

"Mzee, hii ni mambo ya commerce. Jina la mtandao si ng'ombe ya kweli. Kisheria..."

"Siku ulipopewa ulipiga kelele ya ng'ombe. Nilikuwepo, nilisikia. Ulimwambia mwenye kukupa, mbele ya kuuza?"

Christophe-Aimé alifungua kinywa. Mtu huyu anayejua kuuza neno la Kiswahili kwa watu wa theluji, siku hiyo hakupata neno katika lugha yoyote.

"Basi ng'ombe yako abaki kwako," Mzee Kayitare alisema. "Mutoto wangu hatakunywa maziwa ya ng'ombe ambaye mwenyewe anaweza kumuuza angali kwetu."

Akakaa. Kwetu kukataliwa ng'ombe hadharani ni jambo ambalo watu hulisikia kwa masimulizi, hawalioni. Mke wa Christophe-Aimé alichukua mkoba wake. Msemaji wa sherehe alikohoa, akamwita mtoaji wa nne, na harusi ikaendelea kwa shida, kama gari linalowashwa kwa kusukumwa.

"Uliniahidi," Nzigire alimwambia Tumukunde aliporudi kwenye safu.

"Aliapa kwa jina langu, Maman."

"Nilisikia." Akamsogezea chupa yake ya fanta, iliyobaki nusu. "Kunywa."

Baadaye, wakiondoka, Christophe-Aimé aliwafuata wao wawili nje, pale magari yalipoegeshwa. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye ukosi. Hakupiga kelele, na hilo lilimkasirisha Tumukunde zaidi, kwa sababu yeye alikuwa anatamani kelele.

"Umenivua nguo," alisema. "Sawa. Nitakupa nusu ya ile pesa. Leo. Tumalize."

Maman Nzigire, ambaye hana haya mbele ya pesa na hajawahi kujifanya anayo, alisema papo hapo, "Chukua."

"Sitaki nusu," Tumukunde alisema. "Nikipokea nitakuwa nimeuza pamoja nawe. Nipe mtamba."

"Mtamba gani?"

"Una majina mia na kitu kwenye hiyo simu. Majina mafupi, ulishaniringia. Nipe moja. Ng'ombe kwa mtamba, kama desturi ilivyo."

Alimtazama kuona kama anatania, kisha akatoa simu, akafungua orodha ya mali yake, akamwonyesha. Tumukunde aliishusha kwa kidole. X, Q, Z. W, K, J, T. Herufi tatu, herufi nne, safu kwa safu, zote za kungoja Wachina, hakuna irabu hata ya dawa. Alimgeuzia Nzigire kioo.

"Maman, hii unaweza kuiita?"

Nzigire, ambaye herufi anazijua moja moja, alikunja uso akajaribu. Alichotoa kilikuwa kitu cha kusafisha koo.

"Hii njo nini? Nikilia hivi pale Bukavu, mukiriya mwenye kununua ataniletea maji ya kunywa."

"Haziitwi," Christophe-Aimé alisema kwa sauti ndogo. "Zinauzwa tu."

"Basi umemuuza aliyekuwa anaitika," Tumukunde alisema, "umebaki na mabubu. Nenda nao."

Alimwacha amesimama na simu yake inang'aa mkononi. Nusu ya pesa hakuichukua, na wasimulizi wa haraka wasije wakasema wamama walimpongeza. Hawakumpongeza. Walimnunia juma zima. Mmoja alimwambia kwamba kiburi hakichemshi maharage, na ni kweli, hakichemshi. Lakini alilala usingizi.

Kisha akakaa kibandani akatafuta jina jingine. Mafupi yote yalikuwa na wenyewe. Kila neno alilolijaribu, la Kiswahili, la Mashi, la Kinyarwanda, lilikuwa limeshakamatwa na mtu wa mbali ambaye hata hawezi kulitamka, amelifungia akingoja mteja. Kila kukataliwa kulimwongezea moto, mpaka mwisho akasema, vizuri. Mnapenda mafupi? Akaandika kwa pumzi moja, bila nafasi: SISINJOBAMAMANBARUSIZI. Sisi ndio wamama wa Rusizi. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekuwa amelitaka. Alilipeleka kwenye ile mashine ya mtandaoni inayokadiria bei za majina, akaipa Kiingereza, akaipa Kifaransa, akaipa lugha zote ilizozijua. Mashine ilifikiri kidogo, ikajibu sifuri. Akachapisha jibu hilo kwenye karatasi akalibandika ukutani.

Wamama walipoliandika kwenye mabeseni lilizunguka beseni lote, mkia ukakaribia kugusa kichwa. Nzigire alilalamika kwamba rangi ya jina moja sasa ni kopo zima. Wateja walirudi, lakini polepole, kwa kuambizana, na si wote.

Msimu wa mvua ulipoanza, Christophe-Aimé alipiga simu. Tangu harusi hawakuwa wameongea. Tumukunde aliitazama ikilia, akaipokea kwa sababu alitaka tu kusikia ana ujasiri gani.

"Tumu, nina shida," alisema. Sauti ya wateja haikuwepo. "Wale watu wa Uswidi wamenipigia tena. Kile kisanduku chao cha kutafutia nyumba, kila siku kinajaa vitu wasivyovielewa. Wamenitumia orodha. 'Sambaza beseni moja, Ndendere.' 'Lenga-lenga, mboga ya watu kumi.' 'Maman Nzigire uko wapi, tunakungoja.' Maelfu, Tumu. Kutoka Bukavu, kutoka Kamembe, mpaka kutoka Uvira."

Tumukunde alikaa chini. Nje Maman Nzigire alikuwa anapanga mzigo wake wa asubuhi.

"Wanasema mashine yao inachanganyikiwa," aliendelea. "Wanasema niliwauzia jina lenye watu ndani. Wanataka kulirudisha, na pesa nimeshaijengea. Wewe watu wanakusikia. Waambie waache."

"Si uliniambia ni midomo tu?"

Tumukunde aliitazama ile karatasi ya sifuri ukutani.

"Si uliniambia sifuri? Waambie basi hao wazungu wako, ni sifuri inayowasumbua. Au waambie kweli. Waambie ng'ombe ana wenyewe, na wenyewe wanamwita arudi nyumbani."

"Wakilirudisha nitakupa, Tumu. Jina lenyewe, lote. Waambie tu wateja wako wapumzike kidogo, wazungu wanipe muda wa kuwarudishia pesa yao. Ninakuapia, Tumu, ninakuapia kwa..."

Hapo akakwama. Tumukunde alingoja. Hakumsaidia, na hakukata. Alisikia pumzi zake, alisikia magari ya Kigali yakipita nyuma yake, alisikia mtu akitafuta jina la kuapia na kulikosa, kwa maana lile alilolijua alikuwa ameambiwa alitoe mdomoni, na mwingine aliyempa ng'ombe tangu siku ile ya Nzahaha hakuwepo.

"Kwa nani, Yaya?" alimuuliza.

Alipochoka kungoja jibu aliiweka simu mezani bila kuizima, akatoka nje kumsaidia Maman Nzigire kujitwika beseni.